Shajara ya silikanti wa rezini: kutoka boksi hadi praima

Januari, kaskazi ikivuma

Modeli imefika. Imetoka Japani, kwa mtengenezaji mdogo anayechonga, kutengeneza kalibu na kumimina rezini mwenyewe. Ni silikanti wa Bahari ya Hindi, Latimeria chalumnae, kwa kipimo cha 1/8. Akikamilika atakuwa na urefu wa sentimita 20 kutoka puani hadi ncha ya mkia, maana yake samaki halisi wa mita 1.6. Ndani ya boksi kuna vipande 13: kiwiliwili cha mbele pamoja na kichwa, mkia, taya la chini, mapezi mawili ya kifua, mawili ya tumbo, mawili ya mgongo, moja la chini karibu na mkia, macho mawili ya rezini angavu, na mwamba wa kumsimamishia.

Naiandika shajara hii kwa ajili ya wenzangu wanaotaka kufanya kazi ya rezini katika joto na unyevu wa pwani yetu, maana mengi yanayofanyika bila shida kwenye nchi za baridi hapa yanataka mpango mwingine.

Modeli ni ya kabati la vielelezo la chumba cha biolojia ninachofundishia, hapa Tanga mjini. Samaki huyu ni wa kwetu. Wanasayansi waliamini kwamba alitoweka miaka milioni 66 iliyopita, hadi Desemba 1938 alipovuliwa mmoja karibu na mdomo wa Mto Chalumna, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London akatambua kuwa ameona jambo kubwa. J.L.B. Smith alimweleza kisayansi mwaka uliofuata. Nchini kwetu alivuliwa Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, na baada ya hapo majarife (nyavu) ya papa ya Tanga yakaanza kumtoa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayofuata pwani kwa kilomita 100 hivi, kutoka kaskazini ya mdomo wa Mto Pangani hadi Mafuriko.

Pamoja na hayo yote, silikanti wanayemjua wanafunzi wangu ni wa kwenye picha: mzoga wa kahawia uliolazwa mchangani au mezani, mapezi yamelala ubavuni. Hata yule wa 1938 alikaushwa, rangi ikapotea, na viungo vyake vya ndani vikatupwa kabla Smith hajamwona. Kabati letu litakuwa na silikanti aliye hai. Kila uamuzi nitakaoufanya kwenye kazi hii unatoka hapo.

Ukaguzi wa vipande

Kabla ya kugusa chochote nimevipanga vyote juu ya shuka jeupe mbele ya dirisha na kuvipitia kwa lenzi. Uchongaji ni mzuri sana. Magamba ya silikanti yamelaliana kwa kina, kila gamba linaonyesha sehemu yake ya nyuma tu, na sehemu hiyo ina vijino vinavyokwaruza. Mchongaji amevitia vijino hivyo hadi kwenye magamba madogo ya shinani mwa mkia. Ukipitisha ukucha kutoka kichwani kwenda mkiani unateleza, ukirudi unakwama.

Matatizo niliyoyaona: pezi la kifua la kushoto limejikunja. Tumboni kuna vitundu vya hewa, vingine vidogo kuliko ncha ya sindano. Mshono wa kalibu unapita juu ya mgongo katikati ya magamba. Na kile kipande kidogo cha tatu cha mkia, ile ncha inayochomoza katikati, hakipo, kimeishia nusu.

Rezini hii ni poliyurethani. Vimiminika viwili vinachanganywa, vinapata joto vyenyewe, na ndani ya dakika chache vimeshaganda ndani ya kalibu ya mpira wa silikoni. Hewa ikinaswa kwenye kona nyembamba, rezini haifiki. Kumimina kipande kingine hapa nyumbani nimekuondoa kwenye mpango, kwa sababu kimoja kati ya vimiminika hivyo hakipatani na maji. Unyevu wa Tanga ukiingia kwenye mchanganyiko, inazaliwa gesi ya kaboni dayoksaidi, na kipande kinatoka kimejaa mapovu. Ncha ya mkia nitaijenga kwa mkono.

Kuosha

Beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mswaki laini. Kalibu hupakwa kilainishi ili kipande kitoke bila kung'ang'ania, na kilainishi hicho kikibaki, gundi haishiki wala rangi haikai. Nimesugua katikati ya magamba, nikasuuza, nikaanika kivulini juu ya kanga kuukuu. Rezini haianikwi juani. Mapezi membamba yanalegea na kujipinda.

Visiki na mishono

Kila kipande kina kisiki mahali rezini ilipoingilia. Cha kiwiliwili kina unene wa sentimita moja na nusu, na kimekaa palepale mkia unapoungana na mwili. Nimekikata kwa msumeno wa meno madogo, nikabakiza milimita mbili, kisha nikamalizia kwa msasa namba 240 uliobandikwa kwenye kipande cha kioo ili uso ubaki bapa. Koleo la kukatia waya halifai kwenye visiki vinene. Rezini ni ngumu lakini inakatika ghafla, na ufa ukianza kwenye kisiki unaweza kuingia hadi kwenye magamba.

Nasisitiza jambo la vumbi. Vumbi la rezini ni laini mno na mapafu hayalitaki. Kazi yote ya msasa naifanya majini, msasa umelowa na kipande kimelowa, na ninapotumia msumeno barakoa haivuliwi. Tope jeupe linalobaki nalipangusa kwa karatasi na kulitupa kwenye takataka, silimwagi mferejini.

Mishono ya kwenye mapezi nimeikwangua kwa mgongo wa wembe badala ya makali, nikiuvuta taratibu. Mshono wa mgongoni ni kazi nyingine kabisa. Ukipitisha msasa pale umefuta magamba. Nimeukwangua gamba kwa gamba, nikikatisha kwenye kila mpaka, kisha nikauchora mpaka upya kwa sindano ya cherehani niliyoichomeka kwenye kipini cha mti.

Mapezi na maji moto

Maji nayachukua kwenye chupa ya chai. Yakichemshwa asubuhi na kufungwa vizuri, mchana bado yana joto la kutosha. Kipimajoto cha maabara kimesoma nyuzi 72. Nimelizamisha pezi lililojikunja kwa muda mfupi. Likishapata joto linaanza kujinyoosha lenyewe, kwa sababu rezini hupenda kurudi kwenye umbo iliyogandia kalibuni. Unamalizia kwa vidole, unalishikilia, unalitia kwenye maji ya baridi, basi.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba sitayanyoosha yote yawe bapa. Pezi la samaki anayeogelea linasukumwa na maji na ukingo wake unarudi nyuma. Nimeyatia mapezi yote yenye shina la nyama joto tena, moja moja, na kuupinda ukingo wa kila moja kidogo kuelekea upande ambao maji yangeusukuma. Ili kujua ni upande gani, lazima kwanza ujue kila pezi linaelekea wapi kwenye hatua ileile ya kuogelea, na hilo lilinipeleka Kigombe.

Kigombe, kwa mjomba

Mjomba wangu amevua maisha yake yote. Kwenye jarife la papa amemwona silikanti kwa macho yake, tena usiku, akiwa bado na uhai. Nimemchukulia modeli ikiwa imeshikizwa kwa plastisini tu, mapezi yamekaa kama maelekezo ya boksi yanavyosema: ya kulia na ya kushoto sawasawa, yameshuka pembeni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Za mjini? Watoto wa shule wanakusumbua?"

"Hawajambo. Nimekuletea mtu unayemjua."

Aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akaigeuza tumbo juu. Alikaa nayo muda mrefu bila kusema.

"Ndiye," alisema. "Ila huyu wako bado yumo wavuni."

"Kwa nini mjomba?"

"Mapezi yamekufa haya. Yule nilimshika hapa." Akagusa shina la pezi la kifua. "Nyama tupu, nene. Likanigeukia mkononi, hivi." Akanyoosha mkono wake na kuuzungusha kifundo, kiganja kikatazama juu, kikatazama chini. "Mkono kabisa. Samaki wengine pezi linapunga, hili linageuka."

Nikamuuliza rangi.

"Tulipommulika tochi jicho liliwaka. Mgongo bluu iliyoiva, madoa meupe, hayana mpango, hapa kubwa, hapa dogo. Kulipokucha akawa wa udongo. Ndiyo hao mnaowapiga picha."

"Mlimla?"

"Haliki yule. Mafuta matupu, tumbo halitakuachia. Wakubwa walishasema akipatikana wapewe taarifa wataalamu, tukatoa taarifa."

Alichoniambia kuhusu pezi kinaingiliana vizuri na yale yaliyoonekana chini ya bahari. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke na wenzake walimfuata silikanti kwa nyambizi ndogo kwenye visiwa vya Komoro, wakamwona kwa mara ya kwanza akiogelea kwake. Waliona kwamba pezi la kifua la kushoto linakwenda pamoja na la tumbo la kulia, na la kifua la kulia pamoja na la tumbo la kushoto, kwa kupokezana, mpangilio uleule wa miguu ya mjusi akitembea. Pezi la pili la mgongo na lile la chini karibu na mkia yanakwenda upande mmoja kwa pamoja. Mkia hautumiki sana. Anauhifadhi kwa kuchomoka. Na mara kwa mara hujisimamisha kichwa chini, akaelea hivyo bila haraka.

Mfumo wa boksi, mapezi yote sawa kushoto na kulia, haumo kabisa kwenye mwendo huo. Nimerudi mjini na mpango kamili.

Waya badala ya vigingi

Kila pezi lilikuja na kigingi cha rezini kinachoingia kwenye tundu la mwilini kwa pembe moja tu. Nimevikata vigingi vyote vya mapezi sita yenye shina la nyama: ya kifua, ya tumbo, la pili la mgongo na la chini. Pezi la kwanza la mgongo nimeliacha na kigingi chake, maana halina shina la nyama, limesimama juu ya mgongo peke yake.

Mahali pa vigingi nimetia waya wa shaba wa milimita moja, niliopewa na fundi wa kusuka mota. Wengi hupendelea waya mgumu kwa sababu unabeba uzito. Kwa kazi hii laini ni bora: unalichomeka pezi, unalipinda mpaka likae unavyotaka, unatazama, unalipinda tena, na rezini haipati shida. Ugumu utaletwa na epoksi baadaye.

Kutoboa nimetumia kekee ndogo ya mkono. Mashine ya umeme inazunguka kasi, rezini inapata joto, inayeyukia kwenye biti na kuishika. Kwa mkono, unaanza kwa kuweka alama kwa ncha ya sindano, unazungusha taratibu, kila baada ya mizunguko michache unaitoa biti na kupuliza unga. Shina la pezi la tumbo lina milimita nne tu za unene. Kutoboa katikati yake kunataka macho mawili ya ziada, kwa hiyo nimeweka kioo kidogo pembeni na kingine mbele, nikaisimamisha biti hadi ikaonekana wima kwenye vyote viwili.

Sasa mapezi yanageuka. Nimeliweka la kifua la kushoto mbele na juu, limezunguka hadi uso wake wa ndani unaonekana. La tumbo la kulia limekwenda nalo. Wenzao wamerudi nyuma. Pezi la pili la mgongo na la chini yameinamia kulia yote mawili. Nimepiga picha kutoka mbele, juu, chini na pembeni, kisha nikaiacha modeli mezani. Kila nilipopita niliitazama, na mara mbili tatu nikarekebisha la kifua la kulia, ambalo lilikuwa limerudi nyuma kupita kiasi na kumfanya aonekane ana haraka. Silikanti hana haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 umekadiria kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100 na kubeba mimba kwa miaka mitano hivi.

Nilipoafikiana na mkao, nimefunga kila waya kwa gundi ya epoksi ya mirija miwili, ile inayokauka polepole. Supagluu inashika rezini vizuri na haraka, lakini haipendi kupindwa. Ukiligonga pezi kwa upande linachomoka. Gundi ya modeli za plastiki za kawaida hapa haina kazi yoyote, kwa sababu inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki na rezini haiyeyuki nayo.

Kuunga mwili na mkia

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Kiwiliwili na mkia vinakutana nyuma kidogo ya pezi la pili la mgongo, na kiungo kinakatisha safu zote za magamba. Ukikiziba na kukipiga msasa kinakuwa laini, na samaki anapata mkanda mtupu kiunoni.

Nimeunganisha kwa epoksi na waya miwili, ili mkia usizunguke. Nimeacha mfereji wa kina cha milimita moja kuzunguka kiungo chote. Kisha nimetengeneza muhuri. Unachanganya kibonge cha pati ya epoksi ya kukanda, unapaka magamba ya jirani mafuta kidogo ya nazi, unakikandamiza kibonge juu yake, unakiacha kigande usiku kucha. Asubuhi kinabanduka kikiwa na alama ya magamba kinyumenyume, hadi vijino.

Baada ya hapo nimejaza mfereji pati mbichi, nikasubiri ikaze kiasi cha kutoshika kidole, nikapaka muhuri mafuta na kuugonga safu kwa safu, nikianzia mgongoni kushuka tumboni, nikiufuata mstari wa pembeni, ule unaopita ubavuni kutoka kichwani hadi mkiani, ambao lazima upite bila kukatika. Magamba ya tumboni ni madogo kuliko ya ubavuni, kwa hiyo nilihitaji muhuri wa pili. Pale mihuri ilipopishana nimerekebisha kwa sindano. Pati ilipoganda nimeosha tena kwa sabuni, kwa sababu mafuta ya nazi yakibaki rangi itabanduka.

Ukitazama kwa lenzi unakiona kiungo, kwa sababu pati ni ya manjano na rezini ni nyeupe. Ukifumba macho na kupitisha ukucha, hukipati.

Ncha ya mkia

Mkia wa silikanti una sehemu tatu, na ile ndogo ya katikati ndiyo inayomtambulisha kwa mbali. Uti wake, ambao si mifupa bali ni bomba gumu lililojaa majimaji, unaendelea hadi kwenye ncha hiyo. Kumwacha bila ncha ni kumwondolea jina.

Nimetoboa tundu dogo mwishoni mwa mkia na kutia waya wa shaba wa nusu milimita, nikaupinda kidogo kuelekea kushoto, upande ambao ncha inaonekana kwenye picha nyingi za majini kama inapapasa maji. Nikauvika pati ya epoksi kidogo kidogo, kwanza kiini, siku iliyofuata utando wa pembeni. Miale ya pezi nimeichora pati ikiwa nusu mbichi, kwa ukingo wa wembe uliolowa maji, nikianzia kwenye waya kwenda nje. Ilipokauka nimeipunguza kwa msasa namba 600 hadi mwanga wa dirisha ukaanza kupenya ukingoni.

Taya

Taya la chini linaweza kubandikwa likiwa limefunguka sana au limefungwa. Nimelibandika likiwa wazi kidogo tu. Fuvu la silikanti lina kiungo katikati, kwa hiyo anapopanua kinywa, taya linashuka na pua inainuka vilevile. Kichwa cha modeli hii kimemiminwa kipande kimoja. Kupanua taya peke yake kungempa kinywa ambacho samaki huyu hana.

Kumsimamisha

Mwili ni rezini tupu ndani na ni mzito. Nimetafuta mahali pa mizani kwa kumlaza juu ya ukingo wa rula, nikaweka alama tumboni, nikatoboa kina cha milimita 25 na kutia spoki ya baiskeli isiyoshika kutu. Mji wa baiskeli haukosi spoki. Tundu limeinama ili kichwa kishuke chini ya mkia.

Mwamba wa boksi nimeuweka kando. Ni laini, wa mviringo, hauna mahali pa kujificha, na silikanti hushinda mchana kwenye mapango na chini ya miamba iliyochimbika. Nimechukua kipande cha jiwe la matumbawe kutoka kwenye kifusi cha nyumba ya zamani iliyobomolewa Ngamiani, jiwe lile la kujengea lenye matundu. La baharini singechukua. Hifadhi ni hifadhi. Fundi amenichongea upande mmoja uwe bapa, nami nimeupanua uvungu wake kwa patasi ndogo hadi samaki akapata paa juu ya mgongo wake.

Masika

Kazi ya kupuliza rangi imesimama. Nimeitumia mvua kuziba vitundu vya tumboni. Dawa yake ni tone la supagluu lililochanganywa na poda ya mtoto, linatiwa kwa ncha ya sindano. Poda inaifanya gundi iwe laini kwa msasa, lakini usiiache hadi kesho. Supagluu ikishakomaa inakuwa ngumu kuliko rezini inayoizunguka, na msasa utakula mwili na kuacha kinundu cha gundi kimesimama. Jambo jingine la kwetu: kwenye unyevu mwingi mvuke wa supagluu unaacha ukungu mweupe kuzunguka kiungo. Feni ndogo inayopeperusha hewa juu ya kazi inauondoa mvuke kabla haujatua. Macho ya rezini angavu siyabandiki kwa supagluu kabisa, kwa sababu hiyohiyo.

Juni, kipupwe

Fundi rangi wa magari wa Ngamiani ana kompresa yenye kichujio cha maji na amekubali kunipulizia praima, rangi ya kwanza inayotangulia nyingine. Siku ya kwanza nilipofika alinirudisha.

"Mwalimu, leo hapana. Ona ukuta wangu unatoka jasho. Nikikupulizia hapa itageuka nyeupe yote."

Yuko sahihi. Thinna inapokauka inaupoza uso wa kitu, na unyevu wa hewani unatua juu ya rangi kabla haijakaza. Tukasubiri asubuhi kavu ya kusi, jua limeshapanda. Alitumia thinna inayokauka polepole, akapunguza upepo, akapuliza kutoka mbali kwa mikupuo myepesi. Mimi nilishikilia spoki na kuigeuza. Praima ya kijivu ilipotua, pati ya manjano, rezini nyeupe na waya wa shaba vyote vikawa mwili mmoja, na kwa mara ya kwanza samaki mzima akaonekana.

Fundi alizima kompresa akainama kutazama mapezi. "Huyu anakwenda wapi?" aliuliza.

"Anatoka pangoni."

"Naona. Amekanyaga na huu, amenyanyua huu." Alikuwa anaonyesha pezi la kifua la kulia, kisha la kushoto. Sikuwa nimemweleza chochote.

Praima inafichua kila kitu, na ndiyo kazi yake. Imeonyesha vitundu viwili chini ya taya, mkwaruzo wa msasa nyuma ya pezi la kwanza la mgongo, na mahali muhuri ulipogongwa mara mbili. Nimeziba, nimelainisha kwa msasa namba 1000 uliolowa, nimechora gamba upya, na fundi amepuliza mkupuo wa pili. Ubavu wa kulia hauna kasoro niionayo. Wa kushoto una gamba moja lililolala vibaya karibu na kiungo, nami nimeridhika nalo.

Kilichobaki

Bluu ya msingi nitaichanganya mwenyewe, iliyoiva kama mjomba alivyosema, nyeusi zaidi mgongoni. Macho yataingia mwisho, na nyuma yake karatasi nyembamba ya fedha iliyopakwa kijani-manjano, kwa kuwa jicho la silikanti lina tabaka linalorudisha mwanga. Kwenye kuta za uvungu wa jiwe nitatia vidoa vyeupe vya chaza, maana madoa ya samaki huyu humpoteza machoni mbele ya kuta za namna hiyo.

Madoa yenyewe hayafanani kwa samaki wawili, na ubavu mmoja haufanani na mwingine. Watafiti waliofanya kazi Komoro waliwatambua silikanti mmoja mmoja kwa madoa yao. Kwa hiyo sitanakili ya samaki yeyote wa pichani. Nimechora umbo tupu la ubavu wa kushoto na wa kulia, nikatoa nakala za kutosha darasa zima, na Kidato cha Tatu wanazo tangu Jumatatu. Kila mwanafunzi anaweka madoa yake. Ijumaa wanarudisha, watapiga kura wenyewe, na michoro miwili itakayoshinda ndiyo nitakayoifuata kwa brashi namba sifuri.